Kuwasilisha data ya uchakavu wa bomba la mafuta Marekani: mwongozo kamili kuanzia leja hadi FERC

Ukiitazama tu, Fomu Na. 73 ya FERC, tume ya Marekani inayodhibiti nishati, haitishi. Ni safu za tarakimu: akaunti, mwaka kifaa kilipofungwa, mwaka kilipoondolewa, na dola. Mara ya kwanza nilipokabidhiwa nilidhani nitaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wiki ya sita ilinikuta bado ghalani, nimekalia boksi, nasoma ankara ya pampu iliyofungwa kabla sijazaliwa.

Nawaandikia wahasibu na wahandisi waliotupiwa kazi hii bila maelekezo. Kampuni ina bomba linalovusha mafuta kutoka jimbo moja la Marekani hadi jingine, bosi anataka viwango vya uchakavu, yaani asilimia ya gharama ya mali inayohesabiwa kila mwaka kadiri inavyotumika, vibadilishwe, na mtu amekwambia tu, "Peleka data FERC." Nitafuata mpangilio wangu, ambao si mpangilio wa kanuni. Kanuni inaanza na barua. Mimi naanza na hoja, kwa sababu hoja ndiyo inayoamua ukusanye karatasi zipi, na hata kama Fomu Na. 73 yenyewe inakuhusu.

Nani anakudai data hii

Bomba linalobeba mafuta ya watu wengine kati ya majimbo ya Marekani ni chombo cha usafirishaji wa umma, kama ilivyo reli. Limehesabiwa hivyo tangu Sheria ya Hepburn ya 1906, iliyoyaweka mabomba chini ya Tume ya Biashara baina ya Majimbo. Mwaka 1977 jukumu hilo lilihamishiwa Tume ya Shirikisho ya Kudhibiti Nishati, ndiyo FERC, na sheria ikahama nalo. Mpaka leo mabomba ya mafuta yanasimamiwa kwa ile Sheria ya Biashara baina ya Majimbo ya zamani, tofauti na mabomba ya gesi ambayo yana sheria yake.

Tofauti hiyo inamgusa mhasibu moja kwa moja. Nimeona watu waliotoka kwenye gesi wakija na mazoea yao na kupotea siku ya kwanza. Kwenye gesi, bomba kuu la kusafirishia liko akaunti 367 na ripoti ya mwaka ni Fomu Na. 2. Kwenye mafuta, mabomba ya njia kuu yako akaunti 153 na ripoti ni Fomu Na. 6. Ukinakili jedwali la mwenzako wa gesi, hata kama ni stadi kiasi gani, utakuwa umenakili makosa.

Kanuni utakayoishi nayo ni Sehemu ya 347 katika juzuu ya 18 ya Kanuni za Shirikisho. Bunge lilipitisha Sheria ya Sera ya Nishati mwaka 1992 na kuitaka Tume irahisishe upangaji wa tozo za mabomba ya mafuta, yaani malipo ya kusafirishia mafuta. Mwaka 1994 Tume ikatoa Agizo Na. 571, na humo ndimo yalimotoka masharti ya data ya uchakavu. Sehemu yenyewe ni fupi, kurasa chache tu. Isome yote kabla ya kumwuliza mtu swali, maana nusu ya maswali ninayoulizwa yamejibiwa humo waziwazi.

Serikali inajali kwa sababu uchakavu ni gharama, na gharama ndiyo msingi wa tozo. Kila mwezi unaingia akaunti 540. Mwisho wa mwaka unatokea kwenye ukurasa wa 700 wa Fomu Na. 6, ule unaoonyesha gharama ya huduma, na wateja wanaosafirisha mafuta yao kwenye bomba lako huusoma ukurasa huo kwa jicho kali wanapotaka kupinga tozo. Kiwango kikipanda, gharama inapanda hata kama mwaka huo hujanunua bolti moja.

Ripoti ya mwaka ni kitu kimoja, ombi la kubadili kiwango ni kingine

Hapa ndipo watu huchanganya. Fomu Na. 6 ni wajibu wa kalenda. Inawasilishwa ifikapo tarehe 18 Aprili kwa hesabu za mwaka uliotangulia. Kampuni ambayo mapato yake yanayodhibitiwa na Tume yamefika dola 500,000 au zaidi katika kila mmoja wa miaka mitatu iliyopita inajaza fomu nzima. Iliyo kati ya dola 350,000 na 500,000 inatoa ukurasa wa 301 wa mapato na ukurasa wa 700. Iliyo chini ya hapo inatoa ukurasa wa 700 peke yake. Wanaojaza fomu nzima wana pia ripoti ya robo mwaka, Fomu Na. 6-Q, ndani ya siku 70 baada ya robo kuisha. Tangu 2021 ripoti hizi zinatumwa kwa muundo wa XBRL, data inayosomwa na kompyuta, kwa hiyo zile enzi za kuchapa namba kwenye fomu ya karatasi zimekwisha.

Ombi la uchakavu chini ya Sehemu ya 347 halina tarehe. Linakuja pale tu unapoweka viwango kwa mara ya kwanza au unapotaka kuvibadili vilivyopo. Kampuni inaweza kukaa miaka kumi na zaidi bila kuligusa. Ndiyo maana likija, hakuna ofisini anayekumbuka lilifanywaje, na aliyelifanya alishastaafu.

Ingawa ni vitu viwili, vinasomwa pamoja. Mchambuzi wa Tume akipokea ombi lako, Fomu Na. 6 zako za miaka ya nyuma anazo tayari. Salio lako la akaunti 158, ile ya pampu za njia kuu, likitofautiana na alilonalo yeye, swali la kwanza utakaloulizwa ni hilo.

Amua hoja kabla ya kufungua leja

Jiulize swali moja: bomba hili litaacha kufanya kazi kwa sababu gani? Yako majibu mawili. Huenda vifaa vyenyewe vitachoka: chuma kitaliwa na kutu, pampu zitakufa, matangi yataoza chini. Huo ni umri wa kifaa chenyewe. Au vifaa vitakuwa bado vizima lakini mafuta ya kupitisha hayapo, kisima kimekauka, kiwanda cha kusafisha mafuta kimefungwa, au bomba jipya limechukua mzigo. Huo ni umri wa kiuchumi.

Mfano mzuri ni bomba la Alaska, linalotoka Prudhoe Bay kaskazini hadi bandari ya Valdez kusini, kama maili 800. Lilianza kazi 1977. Mwaka 1988 lilipitisha takriban mapipa milioni 2 kwa siku. Miaka ya karibuni limekuwa likizungukia mapipa 500,000 au chini ya hapo. Chuma kile kikitunzwa kinaweza kuendelea kwa muda mrefu, lakini mhasibu wa bomba la namna hiyo hawezi kupanga uchakavu kwa kuangalia chuma peke yake. Lazima aangalie visima.

Kanuni inataka ueleze umri uliobaki kwa misingi yote miwili, wa kifaa na wa kiuchumi. Fomu Na. 73 inadaiwa pale pendekezo lako linapoegemea umri wa kifaa. Hapo lazima uilete ikiwa kamili, au kama uliwahi kuiwasilisha, uisasishe mpaka mwaka wa karibuni. Kama hoja yako ni ya kiuchumi tupu, kisheria unaweza kuliepuka ghala.

Ushauri wangu ni usiliepuke. Umri wa kiuchumi kwa kawaida unafanya kazi ya kukata: unachukua umri wa vifaa na kuukatisha mwaka fulani. Bila kujua umri wa vifaa, hujui unakata nini. Na mchambuzi akiuliza, "Kwani pampu zenu zingefika mwaka gani?" ni aibu kumjibu kwamba hujatazama.

Leja, na maboksi yaliyo nyuma yake

Hii ndiyo kazi yenyewe. Zilizobaki ni uandishi tu.

Anza na Sehemu ya 352, mfumo wa akaunti wa mabomba ya mafuta. Mali imepangwa kwa makundi matatu. Mabomba ya kukusanyia mafuta kutoka visimani ni akaunti 101 hadi 116. Njia kuu ni 151 hadi 166. Mali ya jumla, kama majengo ya ofisi na magari, iko kwenye namba za 171 hadi 186. Akaunti 187 ni ya ujenzi ambao haujakamilika. Namba zimepangwa kwa akili: 103 ni bomba la kukusanyia, 153 ni bomba la njia kuu, 108 ni pampu za kukusanyia, 158 ni pampu za njia kuu, 111 na 161 ni matangi. Ukizoea kundi moja umeyajua yote. Ardhi, yaani 101, 151 na 171, haichakai, kwa hiyo itoe mapema kabla haijakuharibia jumla.

Kila akaunti inayochakaa, itolee orodha ya vifaa vyote vilivyowahi kuingia humo, vilivyopo na vilivyoondolewa. Kila mstari uwe na mambo manne: akaunti, mwaka wa kufungwa, mwaka na aina ya tukio, na gharama halisi ya mwanzo. Tukio ni kuongezwa, kuondolewa, kuhamishwa au kusahihishwa. Inaonekana rahisi mpaka ufike kwenye mwaka wa kufungwa.

Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na jedwali safi kabisa la mali. Nililifungua nikafurahi. Nikalipanga kwa miaka, nikaona karibu theluthi mbili ya mabomba ya njia kuu yamefungwa mwaka mmoja, 1998. Hakuna mtu anayejenga hivyo. Nikamwuliza fundi mzee wa kituo, akacheka. Mwaka ule ndio kampuni iliponunua bomba kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, na aliyehamisha daftari aliweka tarehe ya ununuzi kwa kila kitu. Chuma kilichokuwa ardhini tangu miaka ya hamsini kikazaliwa upya. Fundi akanipeleka kwenye valvu moja, akapangusa vumbi kwa kiganja, na tukausoma pamoja mwaka uliopigwa kwenye bamba lake: 1956. Ukiipeleka data ile ilivyo, umri wa vifaa unaonekana mfupi na vifaa vinaonekana vichanga, na makosa hayo mawili hayafutani.

Tuliyajenga upya. Vyanzo vilivyotusaidia, kwa mpangilio wa kuaminika, vilikuwa vibali vya ujenzi vya ndani vilivyoidhinishwa na menejimenti, michoro ya kihandisi yenye tarehe, rekodi za majaribio ya shinikizo, na mwisho kabisa mabamba kwenye vifaa. Bamba linakupa mwaka wa kiwandani, si wa kufungwa, lakini ni bora kuliko uongo. Pale tulipokadiria, tuliandika kwamba tumekadiria, kwa njia gani, na kwa dola ngapi. Hilo usiliache. Kadirio lililoelezwa linajadilika. Lililofichwa likigunduliwa linaharibu na yale yaliyo sahihi.

Tatizo la pili ni vifaa mizimu. Pampu iliondolewa, ikauzwa chuma chakavu, fundi akafunga mpya, lakini hakuna aliyemwambia mhasibu aitoe ya zamani. Daftarini ziko mbili, kituoni iko moja. Dawa yake ni miguu: chukua orodha, panda gari, nenda kituoni, hesabu. Usitume barua pepe kuuliza. Ukiuliza kwa barua pepe utajibiwa kwamba zote zipo.

Tatizo la tatu ni tarehe ya kuondolewa. Mara nyingi daftari linaonyesha siku karatasi iliposainiwa, na karatasi huenda ilikaa mezani miaka miwili. Kwa kifaa kimoja si kitu. Kwa akaunti yenye matukio machache, kama matangi, miaka miwili inaweza kuupindisha mchoro mzima.

Halafu linganisha. Jumla ya gharama za vifaa vilivyobaki, kwa kila akaunti, lazima iwe sawa na salio la leja, na salio la leja la mwisho wa mwaka lazima liwe sawa na Fomu Na. 6. Kama kampuni ina hisa kwenye bomba la ubia usiogawanyika, yaani bomba moja lenye wamiliki kadhaa, kumbuka Fomu Na. 6 inaitenga mali hiyo kwenye jedwali lake. Usiichanganye halafu ukashangaa kwa nini hailingani. Tofauti ya dola 40 iandike na uendelee. Tofauti ya dola 400,000, funga kompyuta urudi ghalani.

Kutoka data hadi kiwango

Data ikiwa safi, hesabu yenyewe haina uchawi. Mfumo wa FERC kwa mafuta ni mstari nyoofu, yaani kiasi sawa kila mwaka, kwa mpango wa kundi: vifaa vyote vya akaunti moja vinachukuliwa kama kundi, vinachakaa kwa kiwango kimoja. Kifaa kikiondolewa kwa njia ya kawaida, hakizalishi faida wala hasara. Kinatolewa kwenye mali na kwenye uchakavu uliolimbikizwa, yaani jumla ya uchakavu uliokwisha kuhesabiwa, basi. Wanaotoka kwenye hesabu za kawaida za kampuni hupata taabu kulizoea hili. Kwao pampu iliyokufa mapema ni hasara ya mwaka huo. Kwenye kundi, iliyokufa mapema inafidiwa na iliyochelewa.

Ili kujua umri wa wastani, historia ya kuondolewa kwa vifaa inalinganishwa na michoro ya kunusurika, inayoonyesha vifaa vingapi bado viko kazini kwa kila umri. Inayotumika zaidi ni ile ya Iowa, iliyotengenezwa katika chuo cha jimbo hilo nusu ya kwanza ya karne iliyopita kwa kuchunguza vifaa halisi vya viwandani na vya huduma za umma. Herufi ya mchoro inaonyesha wapi wengi wanakufa: L, wengi huondoka kabla ya umri wa wastani; S, kwa ulinganifu pande zote mbili; R, wengi huondoka baada yake. Programu itakupa mchoro unaokaribia zaidi, lakini usiuchukue bila kuongea na wahandisi. Niliwahi kupata mchoro uliosema matangi yangeishi miaka 94. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Sababu ni kwamba hakuna tangi lililokuwa limeondolewa bado, kwa hiyo data haikuwa na kifo cha kujifunza.

Chukua mfano wa kubuni. Akaunti 158, pampu za njia kuu, ina gharama ya mwanzo dola 12,000,000. Uchakavu uliolimbikizwa ni dola 7,200,000. Siku za kuziondoa, chuma chakavu kitaleta pesa kidogo lakini kung'oa na kusafisha kutagharimu zaidi, kwa hiyo thamani ya masalio ni hasi asilimia 5, yaani dola 600,000 za ziada. Umri wa wastani uliobaki ni miaka 18.

Kilichobaki kurudishwa ni 12,000,000 jumlisha 600,000 toa 7,200,000, sawa na dola 5,400,000. Gawa kwa 18, unapata dola 300,000 kwa mwaka. Igawe kwa 12,000,000, kiwango ni asilimia 2.5. Kwa mwezi ni dola 25,000.

Sasa tuseme ushahidi wa visima unaonyesha bomba litasimama baada ya miaka 12. Zile 5,400,000 zinagawanywa kwa 12: dola 450,000 kwa mwaka, asilimia 3.75, dola 37,500 kwa mwezi. Pampu ni zile zile. Kilichobadilika ni hoja, ndiyo maana nilikuambia uanze nayo.

Angalia pia alama ya hasi kwenye masalio. Ukiikosea, ukaondoa 600,000 badala ya kuziongeza, unapata 4,200,000 na kiwango kinashuka kwa zaidi ya robo tatu ya asilimia moja kwenye ule wa miaka 18... hapana, ngoja tuifanye sawasawa: 4,200,000 kwa 18 ni 233,333, yaani asilimia 1.94. Tofauti ni asilimia 0.56. Nimeiacha hivyo makusudi ili uone jinsi kichwa kinavyodanganya. Kila kiwango kifanyiwe hesabu upya na mtu wa pili.

Vinavyoambatana na ombi

Kanuni inataka kwanza muhtasari mfupi: nini kinaombwa na kwa msingi gani. Kisha maelezo ya kampuni, nani anaimiliki na bomba linaendeshwaje. Kisha jedwali la viwango vinavyopendekezwa kwa kila akaunti, na ule ufafanuzi wa umri uliobaki. Baada ya hapo ndipo inakuja orodha ndefu ya data za nyuma ya pazia. Kitu kisichokuhusu, usikiruke kimyakimya. Andika kwamba hakihusu.

Ramani za kihandisi zilizosasishwa, zikionyesha mabomba ya kukusanyia, njia kuu, vituo vya mwisho, maungio na mabomba mengine na viwanda vya kusafisha mafuta, pamoja na uelekeo wa mafuta. Mishale ya uelekeo husahaulika kila mara.

Maelezo mafupi ya uendeshaji, na makadirio ya vitu vikubwa vitakavyoongezwa au kuondolewa karibuni: gharama, mahali, sababu, mwaka.

Viwango vinavyotumika sasa, na salio la mwezi wa karibuni la kila akaunti, gharama na uchakavu uliolimbikizwa.

Kiasi cha mafuta kilichopokelewa na kutolewa katika kila kituo, kwa mwaka wa karibuni na miwili iliyotangulia, kwa aina ya bidhaa kama zipo tofauti. Hapa tafuta wenzako wa upimaji, si wa mauzo. Mapipa ya mauzo na mapipa ya mita hayalingani kamwe, na mita ndiyo inayoaminika.

Uwezo wa bomba na kiasi halisi kilichopita, mapipa kwa siku, kipande kwa kipande. Kipande kinachopitisha theluthi ya uwezo wake kinasema mengi kuhusu umri wa kiuchumi kuliko kurasa 20 za maelezo.

Orodha ya shehena za mwaka wa karibuni: zilipopokelewa, zilipotolewa, mapipa. Kwa mafuta ghafi, orodha ya maeneo ya visima. Makadirio ya umri uliobaki wa mfumo mzima pamoja na msingi wake. Thamani ya masalio kwa kila akaunti. Na Fomu Na. 73, kama hoja ni ya vifaa.

Usishonee kila kitu kwenye faili moja la kurasa 300. Kila kimoja kiwe na jina linalosema kilivyo.

Siri na barua

Kabla ya kutuma, pitia ukitafuta vitu visivyopaswa kuonekana na umma. Viko vya aina mbili. Ramani na michoro inayoonyesha undani wa miundombinu inaweza kuangukia ulinzi wa taarifa za miundombinu nyeti ya nishati. Na taarifa za mizigo ya mteja mmoja mmoja zinaguswa na ile Sheria ya Biashara baina ya Majimbo, inayomkataza msafirishaji kutoa habari za mzigo wa mteja zinazoweza kumnufaisha mshindani wake. Omba usiri kwa utaratibu wa Tume, tengeneza nakala mbili, moja ya umma iliyofutwa sehemu hizo na moja kamili, na kwenye kila ukurasa wa siri uandikwe hivyo. Kufuta kwa kufunika maandishi kwa boksi jeusi kwenye kompyuta si kufuta. Jaribu mwenyewe kunakili maandishi yaliyo chini ya boksi uone.

Barua ya kuwasilisha ni fupi, lakini ina sharti ambalo wengi hulivunja bila kujua. Inaeleza kwa ujumla badiliko linaloombwa, na inathibitisha kwamba barua hiyo, bila viambatisho, imetumwa kwa kila mteja na kwa kila aliyejiandikisha kupokea taarifa za tozo zako. Kama hakuna waliojiandikisha, barua iseme hivyo. Kwa hiyo orodha ya wateja isasishwe kwanza, barua zitumwe, ndipo uthibitishe. Usisaini uthibitisho Jumatatu kwa barua utakazotuma Alhamisi.

Uwasilishaji ni wa kielektroniki kupitia mfumo wa Tume. Hakikisha akaunti ya kampuni na ya anayetuma ziko hai wiki moja kabla. Jambo dogo, lakini limewahi kunilaza ofisini.

Baada ya kubonyeza "tuma"

Hapa lipo kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko yote. Ombi limetumwa, mkurugenzi wa fedha ana haraka, mhasibu anaingiza viwango vipya kwenye mfumo Januari. Kwa bomba lenye viwango vilivyokwisha kuwekwa, hairuhusiwi: vya zamani vinaendelea mpaka Tume ikubali vipya au ivibadilishe. Kwa bomba jipya, ambalo halijawahi kuwa na viwango, ni kinyume: vilivyopendekezwa vinatumika mara moja mpaka Tume iseme vinginevyo. Andika ni kundi gani uko, kwa herufi kubwa, juu ya faili.

Tarajia maswali. Mengi yatahusu mambo matatu: kwa nini salio halilingani na Fomu Na. 6, umri wa kiuchumi umeutoa wapi, na masalio hasi umeyapataje. Ukiwa na karatasi za kazi za kila akaunti, majibu ni siku mbili. Bila hizo, ni miezi, na huenda ukajibu tofauti na ulivyoandika mwanzo.

Viwango vikikubaliwa, badilisha mfumo kuanzia mwezi uliotajwa, bila kurudi nyuma. Mwambie anayejaza ukurasa wa 700 siku hiyo hiyo, kwa sababu mwaka huo utakuwa na viwango viwili na wateja watauliza. Karatasi zihifadhiwe kwa masharti ya Sehemu ya 356. Na kwa fundi wa kituo, mwachie fomu ya ukurasa mmoja yenye nafasi nne: kifaa, akaunti, tarehe kilipofungwa, tarehe kilipoondolewa. Ile kampuni ya mwaka 1998 ilianza kuitumia, na mara ya pili nilipowafanyia Fomu Na. 73 sikukanyaga ghalani.